Madoa sugu ya uso: kutibu ni halali, kujichubua ni dhara



Sifa zote njema zinamstahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Liko suali ambalo dada zetu huliuliza kwa kuona haya, na mara nyingi huliuliza wakati wamekwisha kuchelewa. Mama amebeba mimba, au amejifungua, au ameanza sindano ya uzazi wa mpango, na mashavuni na kwenye paji la uso yametoka mabaka meusi. Amepaka ndimu, amepaka manjano, hayaondoki. Shoga yake anamletea kikopo kisicho na jina na kumwambia kuwa kwa wiki mbili tu uso utakuwa mpya. Hapo anajiuliza mambo mawili: je, dini inaniruhusu kuondoa madoa haya, au nitakuwa nimebadilisha maumbile ya Allah? Na je, kilichomo ndani ya kikopo hiki ni dawa au ni sumu?

Suali hili ni la Wete na Mkoani, la Nungwi na Makunduchi, na pia ni la dada zetu waliofuata waume zao kwenye kazi huko bara, mpaka sehemu kama Kanazi wilayani Ngara, mkoa wa Kagera, ambako duka la vipodozi liko karibu na daktari wa ngozi yuko mbali.

Jawabu kwa ufupi ni hili: kutibu doa ili ngozi irudi kwenye rangi yake ni jambo la halali. Kuichubua ngozi nzima ili mtu aikimbie rangi aliyoumbwa nayo, tena kwa vitu vinavyodhuru mwili, hakuruhusiwi. Ufafanuzi ni kama ufuatao.

Mabaka haya yanatokana na nini?

Ngozi ya kila mtu ina chembe zinazotengeneza rangi. Chembe hizo zikichokozwa hutengeneza rangi kupita kiasi mahala fulani, na hapo huonekana doa. Mabaka ya mashavuni, paji la uso, juu ya pua na juu ya mdomo, yanayotokea pande zote mbili za uso kwa kufanana, Waarabu huyaita kalaf. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na sababu zake kubwa ni tatu: mabadiliko ya homoni, yaani mimba, vidonge au sindano za uzazi wa mpango, jua, na urithi wa familia.

Katika hizo tatu, jua ndilo linalochochea kila siku. Visiwa vyetu viko takriban nyuzi 5 hadi 6 kusini ya ikweta, na jua letu ni kali mwaka mzima. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani hupigwa na jua kutoka juu, na tena hupigwa na mng'aro unaorudi kutoka kwenye maji na mchanga mweupe. Hata mwanga wa kawaida wa mchana, ule tunaouona kwa macho, huchochea mabaka haya kwa watu wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde. Ndiyo maana mtu hupaka dawa usiku, akatoka uso wazi mchana, kisha akasema dawa haifai.

Mabaka ya mimba mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Yanayotokana na dawa za uzazi wa mpango yanaweza kupungua zikibadilishwa. Lakini kwa watu wengine hubaki miaka, na hata yakitibiwa hurudi pale jua linaporudi. Huku ndiko kuwa sugu, na hakuna dawa ya wiki mbili.

Si kila doa ni kalaf

Kabla ya kutibu, ni lazima ijulikane kinachotibiwa. Weusi unaobaki baada ya chunusi, hasa zile zilizobinywa, ni kovu la rangi tu, na dawa yake ya mwanzo ni kuzitibu chunusi zenyewe. Doa la mviringo lililokoza, linalowasha na kurudi mahala pale pale kila mtu anapokunywa dawa fulani, kwa mfano dawa za salfa kama Septrin, ni mzio wa dawa hiyo, na tiba yake ni kuiacha na kumjulisha daktari. Weusi mzito kama mahameli kwenye shingo na makwapa unaweza kuwa dalili ya kisukari kinachokaribia. Wekundu au weusi wa mashavuni unaoambatana na maumivu ya viungo na homa unahitaji kupimwa damu.

Mafuta mazuri na marashi nayo huchangia. Wapo wanaopaka manukato shingoni na pembeni ya uso kisha wakatoka juani, ngozi ikachokozeka na kuacha michirizi ya weusi. Manukato ni bora yabaki kwenye nguo.

Sharia inasemaje kuhusu kutibu?

Wengi hudhani kuwa mwanamke anayeshughulikia madoa ya uso wake ni mwenye kupenda dunia. Dhana hii haina msingi. Mama wa Waumini Ummu Salama (r.a.) amesimulia kuwa katika zama za Mtume (s.a.w.) wanawake wenye nifasi walikuwa wakikaa siku arubaini, na kwamba walikuwa wakipaka nyuso zao wars kwa ajili ya kalaf. Hadithi hii wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Baadhi ya wanazuoni wameizungumzia sanad yake, na wengi wameikubali kuwa ni hasan.

Tuitazame vizuri. Wars ni mmea wa manjano unaojulikana sana Yemen, rangi yake ikikaribia zafarani. Kalaf ni mabaka haya haya. Na waliopaka ni wanawake waliotoka kujifungua, muda mfupi baada ya mimba, ambayo madaktari leo wanasema huleta mabaka haya. Walifanya hivyo katika zama za Mtume (s.a.w.) na hawakukatazwa. Hatutoi hadithi hii kama maelekezo ya kupaka wars. Tunaitoa kuonesha kuwa mama kutaka uso wake urudi ulivyokuwa kabla ya mimba ni jambo lililojulikana na kukubalika tangu mwanzo wa Uislamu.

Ziko dalili nyengine. Mtume (s.a.w.) ameamrisha waja wa Allah wajitibu, na akafundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa, isipokuwa uzee. Na Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya siku ya Kulab, akatengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamuamrisha atumie ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wanazuoni wamechukua hapo kuwa kuondoa aibu iliyompata mtu mwilini si sawa na kujiongezea uzuri kwa kubadilisha umbile.

Mpaka uko wapi?

Katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanawake wanaochanja chale, wanaonyoa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wenye kubadilisha maumbile ya Allah. Na Qur'ani (4:119) imetueleza kuwa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Allah ni katika ahadi za Shetani. Hili ni onyo kubwa, wala halifai kupuuzwa.

Lakini wanazuoni wametofautisha. Ibn al-Jawzi, aliyefariki mwaka 597 Hijria, katika kitabu chake Ahkam an-Nisa ametaja riwaya zinazokemea kuchubua uso, akaeleza kuwa lawama inamwendea anayejichubua ili rangi yake ing'are, na kwamba kufanya hivyo huenda kukaidhuru ngozi na madhara yakadhihiri baadaye. Ama dawa zinazoondoa kalaf na kumpendezesha mwanamke kwa mumewe, hakuona ubaya wake. Katika zama zetu, Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin, Allah amrehemu, aligawa mambo ya urembo kwa njia iyo hiyo: kuondoa aibu kunaruhusiwa, na kubadilisha rangi ya ngozi moja kwa moja kwa kutafuta uzuri tu hakuruhusiwi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa nayo, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliruhusu upasuaji wa kurekebisha aibu za kuzaliwa nazo na zilizompata mtu baadaye, na ikaukataza ule wa kubadilisha umbile la kawaida kwa kufuata matamanio.

Kwa hiyo dada ajiulize masuali matatu. La kwanza: ninachokiondoa ni doa lililonijia, au ni rangi yangu niliyozaliwa nayo? La pili: ninachopaka kinanidhuru? Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana, na Qur'ani (2:195) inakataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. La tatu: je, namhadaa mtu, kwa mfano mchumba anayekuja kutazama uso ambao baada ya harusi hataukuta? Yakisalimika yote matatu, atibu na amtegemee Allah.

Ama rangi yenyewe, weusi si ugonjwa. Allah ametaja tofauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni katika ishara zake (30:22). Anayedhani kuwa maji ya kunde ni kasoro ya kutibiwa, anayehitaji kutibiwa kwanza ni dhana yake.

Ndani ya mkorogo mna nini?

Mkorogo ni mchanganyiko wa mafuta na krimu za kujichubua, huchanganywa saluni au majumbani na kuuzwa kwenye vikopo bila ya maelezo. Mara nyingi humo huwamo kimoja au zaidi katika vitu vitatu.

Cha kwanza ni zebaki. Hii ni madini yenye sumu, na hutiwa kwenye baadhi ya sabuni na krimu kwa sababu huzuia ngozi kutengeneza rangi. Hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Jambo hili tunalijua Afrika Mashariki kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wa wagonjwa 60 waliovimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivuja protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoziacha.

Na zebaki haikai kwa aliyepaka peke yake. Mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni. Mtoto anayelala kifuani mwa mama, anayefutwa kwa taula moja naye, anayebusiwa shavuni, naye huipata. Katika nyumba moja mtu mmoja huchubuka na watoto wakadhurika bila ya kupaka chochote.

Cha pili ni dawa za jamii ya steroidi, kama betamethasoni na klobetasoli. Hizi ni dawa halisi za hospitali kwa maradhi maalumu ya ngozi, lakini zikipakwa usoni miezi kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, mishipa ya damu ikaonekana, chunusi zikafurika na ndevu zikaota kwa wanawake. Ngozi iliyokonda hivyo ikipata jeraha huchelewa kupona. Tena ngozi huzoea. Siku mtu akiiacha, uso huwaka moto na kuwa mwekundu, naye hudhani kuwa ngozi inadai dawa, akarudi tena. Huu ni utumwa.

Cha tatu ni haidrokwinoni. Madaktari huitumia kwa kipimo na kwa muda mfupi. Kwenye mkorogo haina kipimo wala muda. Mwaka 1975 ulielezwa kutoka Afrika ya Kusini ugonjwa wa wanawake waliotumia krimu hizi kwa muda mrefu: badala ya kung'ara, nyuso zao zilitoka weusi wa buluu, na vijipele vidogo kama punje, kwenye mashavu na chini ya macho. Weusi huo huwa umeingia ndani ya ngozi, na kuutoa ni kazi ngumu mno. Afrika ya Kusini ikapiga marufuku haidrokwinoni kwenye vipodozi mwaka 1990. Jueni basi kuwa mtu alianza na doa ambalo lingefifia, akamalizia na doa lisilofutika.

Sheria za nchi

Jambo hili halikuachwa kwa hiari ya mtu tu. Tanzania bara vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kutoka mikononi mwa iliyokuwa TFDA. Kwetu Zanzibar anayesimamia ni Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Ng'ambo ya mpaka wa Ngara, Rwanda nayo ilianza kuviondoa madukani kwa nguvu mwishoni mwa mwaka 2018. Duniani, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliathirika vibaya kwa zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuwa zebaki itoke kabisa kwenye vipodozi vyote ifikapo mwaka 2025.

Kutii sheria inayolinda nafsi za watu ni katika dini. Kabla ya kununua, soma pakiti. Maandishi mara nyingi huwa ya Kiingereza, basi yajue majina haya na uyaepuke: mercury, mercurous chloride, calomel, ammoniated mercury, hydroquinone, clobetasol, betamethasone. Na kisichokuwa na maandishi yoyote ndicho cha kukiogopa zaidi.

Tiba yenyewe ikoje?

Hatua ya kwanza, na ndiyo nusu ya tiba, ni kujikinga na jua. Buibui na ushungi vimetusaidia sana, na anayevaa nikabu uso wake umepata sitara na kinga kwa pamoja. Anayefanya kazi shambani au ufukweni avae kofia pana ya ukili juu ya mtandio, au achukue mwamvuli. Mwenye uwezo apake krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi kila asubuhi, na arudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kwa mabaka haya, krimu iliyotiwa rangi ya udongo ni bora kuliko nyeupe, kwa sababu madini ya chuma yanayoipa rangi huzuia na ule mwanga wa kawaida.

Hatua ya pili ni kuangalia chanzo. Kama mabaka yalianza na vidonge au sindano ya uzazi wa mpango, zungumza na mkunga au daktari kuhusu njia nyengine. Usiache ghafla bila ya ushauri.

Hatua ya tatu ni dawa za daktari. Ziko krimu za asidi ya azelaiki, vitamini C na niasinamidi, ambazo ni za upole. Ziko zenye nguvu zaidi, kama tretinoini, au haidrokwinoni ya kuandikiwa kwa miezi michache tu. Hizi mbili za mwisho mwenye mimba hatakiwi kuzitumia. Viko pia vidonge vya asidi ya traneksamiki ambavyo daktari huvitoa baada ya kuuliza historia ya damu kuganda. Matokeo hutazamwa baada ya miezi miwili au mitatu. Ama kuchoma uso kwa asidi kali au kwa mionzi ya leza, kwa ngozi zetu kunaweza kuzidisha weusi, na asifanye ila bingwa anayeijua ngozi nyeusi.

Pa kwenda ni wapi? Unguja ipo Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Pemba anza na hospitali iliyo karibu nawe, kama ya Abdalla Mzee Mkoani, uombe kuelekezwa. Aliye Kanazi aanze hospitali za wilaya ya Ngara, kama Murgwanza, na rufaa ya kanda ya ziwa ni Bugando, Mwanza. Kipo pia Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko KCMC Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimesomesha matabibu wa ngozi kwa ajili ya hospitali za mikoani. Ukifika hospitali usiulize daktari bingwa tu. Uliza kama yupo tabibu aliyesomea ngozi.

Dawa za nyumbani

Liwa iliyosagwa na maji ni urembo wa bibi zetu, na kwa watu wengi haina dhara. Manjano huacha rangi yake tu, haifuti doa. Singo ya bibi harusi ni mila njema, lakini isisuguliwe kwa nguvu kwenye uso wenye mabaka, kwani msuguano huongeza weusi.

Ndimu ndiyo ya kuacha kabisa. Maji yake yakiwa kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza na kuacha weusi mpya wa wiki au miezi. Dawa ya meno, magadi na jiki, navyo si vitu vya kupaka uso wa binadamu.

Twahara na saumu

Krimu ikifyonzwa na ngozi, au ikabaki athari ya mafuta tu huku maji yanapita juu ya ngozi, udhu ni sahihi. Imam an-Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, amelieleza hili kwenye al-Majmu. Lakini ikiwa krimu imeacha tabaka nzito linalozuia maji, kama baadhi ya krimu za jua zenye rangi, ni lazima iondolewe kabla ya udhu. Kwa wepesi, jitie udhu kwanza kisha upake. Kupaka krimu mchana wa Ramadhani hakufunguzi, kwa sababu ngozi si njia ya kula wala kunywa. Vidonge vinywewe usiku.

Alama ya sijda

Wapo wanaouliza pia kuhusu weusi unaotokea kwenye paji la uso kwa kusujudu. Huo ni ugumu wa ngozi kwa msuguano, hauna madhara, na msala laini huupunguza. Si lazima kuutibu wala si vibaya kuutibu. Ila asiutafute mtu kwa kujisugua. Mujahid na wengineo katika wafasiri wa mwanzo wameeleza kuwa alama ya sijda iliyotajwa katika Sura ya al-Fath ni unyenyekevu. Wapo wasioonekana chochote usoni na Allah anazijua sijda zao.

Aliyekwisha kutumia afanye nini?

Kwanza asikate tamaa, na asione haya mbele ya daktari. Achukue kikopo au sabuni aende nacho. Kama inashukiwa zebaki, aache leo leo, afunge kilichobaki ndani ya mfuko wa plastiki, akiweke mbali na watoto na jikoni, na taula na foronya zifuliwe peke yake. Akivimba uso au miguu, mkojo ukawa na povu, mikono ikitetemeka, au akikosa usingizi, aende hospitali apimwe figo na mkojo.

Kama alikuwa akipaka steroidi kwa miezi, asitishike uso ukiwaka baada ya kuacha. Daktari anaweza kumpunguzia kidogo kidogo na kumpa dawa za kutuliza. Kipindi hicho ni kigumu na huenda kikachukua miezi. Hapo ndipo anapohitaji mume mwenye subira na ndugu wasiomcheka.

Kwa waume, wazazi na wauzaji

Mume anayemsifia mwanamke mweupe wa kwenye simu mbele ya mkewe aliyezaa naye, huenda yeye ndiye aliyemnunulia kikopo bila kujua. Mabaka yale yametokana na kubeba mtoto wake. Kumgharamia mke kwenda hospitali na kumnunulia krimu ya jua ni katika wema wa kuishi naye.

Wazazi na masomo, msimpeleke mwari kuchubuliwa kabla ya harusi. Uso wa wiki moja ukumbini unaweza kumgharimu figo za maisha, na mimba ya mwanzo mara nyingi huja miezi ile ile ambayo sumu bado imo mwilini.

Na wewe unayekoroga na kuuza: Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, atadhamini alichoharibu. Pesa ya kuuza kinachowadhuru watu si riziki ya kuombea baraka. Acha, tubia, na waambie uliowauzia waende wakapimwe.

Mwisho

Madoa ya uso yanatibika kwa kinga ya jua, dawa iliyopimwa na subira ya miezi. Mengine hupungua tu, hayaishi, na hapo hakuna aibu. Anayekuahidi kuyafuta kwa wiki mbili anakuuzia jambo ambalo wewe na wanao mtalilipia miaka.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape mama zetu afya na utulivu, na azipambe nyoyo zetu kabla ya nyuso zetu. Amin.

Wallahu a'lam.